Mitungi ya Marehemu Asta

Vibeke Skaarup hakutoka nyumbani kutafuta shari. Alitoka kutafuta kabati.

Mzee mmoja wa Thy, kule magharibi ambako upepo wa bahari humvua mtu kofia hata akiishika, alikuwa amepiga simu dukani asubuhi. Jina lake Herluf Toftdal. Mkewe amefariki, alisema, nyumba imejaa samani za miaka ya hamsini, waje wazichukue. Alipoulizwa ana vitu gani akavitaja mbiombio, kama mtu anayetaka kuyatoa mdomoni yaishe: kabati refu la mbao za msaji, viti vya kusukwa kwa kamba, taa za shaba za kuning'inia, mitungi...

"Mitungi ya namna gani, mzee?" Vibeke aliuliza, na kiganja chake kikaanza kutoa jasho kwenye simu.

"Njooni kabla giza halijaingia," mzee akajibu. Akakata.

Sasa giza lilikuwa linaingia. Novemba ya Denmark haina subira na mtu. Jua huchungulia adhuhuri kama mgeni aliyekosea nyumba, na alasiri limeshakwenda zake. Merete, mdogo wake Vibeke, ndiye aliyekuwa ameshika usukani, na alikuwa analalamika tangu wavuke daraja la Limfjord.

"Tungefika kitambo. Nani alikaa dukani anapangusa bakuli moja kama anaogesha mtoto?"

"Mteja alikuwa anakuja kulichukua."

"Mteja! Dada, wewe siku ukifa hatutanunua jeneza. Tutakukunja, tukutie kwenye mtungi, na kifuniko juu."

Vibeke akatabasamu. Ndivyo walivyokuwa hawa ndugu wawili. Walikuwa na duka la vitu vya zamani mjini Aalborg na waliishi juu yake, chumba kwa chumba. Merete alikuwa mkali wa ulimi. Akikukasirikia utajua, jirani yako atajua, na mpaka chai ya jioni yamekwisha na anakukatia keki. Vibeke yeye alikuwa mtu wa kumeza. Ukimuudhi hutabasamu. Wateja walimpenda Vibeke na kumwogopa Merete, na hakuna aliyewahi kujiuliza kama wamepatia.

Nyumba ya Herluf ilisimama peke yake mwisho wa njia ya changarawe. Kuta nyeupe, madirisha bila pazia. Hapakuwa na mshumaa hata mmoja dirishani.

Mzee alifungua mlango kabla hawajabisha. Mrefu, mkavu, sweta limetoboka viwikoni. Masikioni alikuwa amejisokomeza pamba nyingi, imetuna kama uyoga.

"Mmechelewa!" alisema kwa sauti kubwa, ya mtu asiyejisikia mwenyewe.

"Samahani, mzee, njia ilikuwa—"

"Sikusikii. Msivue viatu, hamkai. Anzeni jikoni."

Walipita sebuleni, na Vibeke akasahau baridi yake yote. Kila kitu kilikuwa pale pale kilipowekwa siku ya arusi. Kabati refu, limesuguliwa mpaka linang'aa kama asali. Viti vyembamba vya miguu ya kuchanua. Taa ya shaba juu ya meza, imeshuka chini kiasi kwamba ungeweza kuigusa kwa kidevu. Alinyoosha mkono kupapasa mgongo wa kiti...

Akanusa.

Maziwa yaliyoungua. Na chini yake, harufu ya sufu iliyolowa ikaachwa mahali bila hewa.

"Jikoni!" mzee alibweka.

Rafu ya jikoni ilienda ukuta mzima, na juu yake mitungi. Mitungi ya udongo mgumu, matumbo mapana, shingo fupi, rangi ya mwani uliotupwa ufukweni. Vibeke aliitambua hata kabla hajaikaribia. Ilitengenezwa kwenye karakana ndogo iliyofungwa kabla yeye hajazaliwa. Wakusanyaji huhangaika miaka kupata mmoja, tena bila kifuniko. Hapa palikuwa na rafu nzima, na kila mmoja na kifuniko chake cha msaji. Tofauti ilikuwa moja tu. Kila kifuniko kilikuwa kimezibwa kwa nta nyeupe, nene, iliyojaa alama za dole gumba.

"Asta alifanya kazi kule alipokuwa msichana," mzee alisema. Hakuitazama rafu. Alisimama ameipa mgongo, kama mtu aliyesimama karibu na mbwa asiyemwamini. "Walipofunga akapewa iliyobaki. Ichukueni. Sitaki hata krona moja. Ichukueni kwanza hiyo, leo hii, halafu ndiyo tuzungumze habari za kabati."

Moyo wa Vibeke ulikuwa unamruka. Lakini Merete alikuwa mtu wa kuuliza. Akamsogelea mzee, akamwekea uso wake mbele ili aone midomo.

"Ndani kuna nini?"

"Mke wangu."

Upepo ukasukuma dirisha, ukaliacha.

"Majivu yake?" Merete akauliza, sauti imepungua.

"Asta amezikwa kanisani, kwenye jeneza, na jiwe juu. Umeniuliza ndani kuna nini. Nimekujibu." Mzee akalamba midomo. "Tangu tuoane hakuwahi kunipandishia sauti. Watu wakiniambia, Herluf, wewe una bahati. Nikimuudhi anajifuta mikono kwenye aproni, anaingia humu, anafunga mlango. Akitoka anatabasamu. Mimi nilidhani anakuja kulia."

Merete akapasua kicheko. Ndicho kilichokuwa kicheko chake cha mwisho cha namna ile, kile cha kutingisha mabega. Akaushusha mtungi wa kwanza.

Kicheko kikakatika.

"Dada... uko moto."

"Nini?"

"Shika. Uko moto kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi."

Vibeke akagusa. Kweli. Na nta ilikuwa imara, haikuyeyuka hata tone.

"Si humu ndani!" mzee akapiga kelele. "Nje! Fungueni huko kwenu!"

Lakini ukucha wa Merete ulikuwa umeshaingia kwenye nta.

Tk.

Harufu ya maziwa ya kuungua ikajaa jikoni mpaka machozi yakawatoka. Vibeke alisikia pumzi tu. *Haaaa...* ndefu, kama ya mtu aliyeshusha mzigo alioubeba kutoka mbali. Zaidi ya hapo hakusikia kitu. Mzee alikuwa ameziba masikio kwa viganja juu ya ile pamba.

Merete aliinamisha kichwa. Akaweka sikio kwenye mdomo wa mtungi.

Akasikiliza.

Akasikiliza...

Kwanza alikunja uso. Kisha akainua macho, akamtazama dada yake. Alimtazama hivyo bila kupepesa, sikio bado mtungini, mpaka Vibeke akahisi kama anavuliwa nguo.

"Merete. Umesikia nini?"

Merete akarudisha kifuniko taratibu. Akampita Vibeke, akamwendea mzee. Miguu ilikuwa yake, mwendo haukuwa wake. Akaushika mkono wa mzee, akaushusha. Kwa vidole viwili akaitoa ile pamba ya sikio la kulia, kama mtu anayemtoa mtoto tongo. Akamnong'oneza.

Hayakuwa maneno mengi.

Herluf hakupiga kelele. Aliteremka ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni, na sikioni mwake ukatoka uzi mwembamba wa damu. "Kumbe alijua," alisema. "Kumbe alijua siku zote." Kisha akainua macho kuitazama ile rafu, kwa mara ya kwanza, na Vibeke akaona kitu kilichomtisha kuliko ile damu. Mzee alikuwa na hamu.

Hawakuchukua kabati. Hawakuchukua kiti wala taa. Vibeke alimkokota mdogo wake hadi kwenye gari, na Merete alikuwa ameupakata ule mtungi kifuani, amefunika mkono juu yake.

Njiani Vibeke ndiye aliyeendesha. Alizungumza peke yake. Tungemwita daktari? Unadhani atakuwa sawa? Merete alijibu kila swali kwa upole.

"Usijali, dada."

Merete wa jana angesema, *Wewe ndiye uliyetuleta kwenye balaa hili, mbuzi wewe!* Vibeke angelitoa duka zima kuusikia ule ukali.

Walisimama kujaza mafuta. Vibeke akiwa ameshika mpira wa pampu, aligeuka akachungulia ndani ya gari. Merete alikuwa amekifunua kifuniko. Lakini hakuwa anasikiliza tena. Midomo yake ilikuwa mtungini, na ilikuwa inacheza. Haraka, haraka, kama mtu anayesali.

Kioo kilikuwa kimefungwa. Hata hivyo Vibeke alilisoma neno moja kwenye midomo ile, kwa sababu mtu hashindwi kulitambua jina lake.

Tangu siku hiyo Merete akawa mpole. Mteja aliangusha kivuli cha taa cha kioo, kikasambaratika, na Merete akasema, "Bahati mbaya humpata kila mtu," akaenda juu, akafunga mlango wa chumba chake. Aliporudi alikuwa anatabasamu. Majirani wakamwambia Vibeke mdogo wake amekomaa. Jioni alimpikia nyama na bitiruti za siki, akamwashia mishumaa. Na ukutani, kati ya chumba na chumba, Vibeke alisikia mnong'ono... *shu-shu-shu-shu*... kisha *tk*, kifuniko kikirudi.

"Ulisikia nini siku ile?" alimuuliza mezani.

"Kwanza nilimsikia bibi mmoja. Alikuwa na maneno ya kumwambia mumewe." Merete alikuwa anapaka siagi kwenye mkate mweusi, kutoka ukingo hadi ukingo, haachi hata tundu. "Halafu nikasikia sauti ninayoijua."

"Sauti ya nani?"

"Kula, dada. Chakula kinapoa."

Siku moja Merete alipokwenda mnadani, Vibeke aliingia chumbani kwake, akauchukua ule mtungi, akaufunga kwenye blanketi na kuwasha gari. Ulikuwa mzito kuliko mwanzo. Joto lake lilipenya blanketi likamfikia pajani.

Mlango wa nyumba ya Herluf ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na mama wa makamo, mabuti ya mpira miguuni, anapakia vyombo kwenye makasha. Alijitambulisha kwa jina la Gudrun, jirani wa shamba la pili. Alipoliona umbo la mtungi ndani ya lile blanketi akarudi nyuma mpaka akagonga meza.

"Usiniingizie hicho humu."

"Nimekuja kuurudisha. Mzee yuko wapi?"

"Tumemzika." Gudrun akajifuta mikono, ingawa haikuwa na kitu. "Mimi ndiye niliyemkuta. Amekaa hapo mezani, mitungi yote mbele yake, vifuniko vyote chini. Alifungua wote, mmoja baada ya mwingine. Mdomo ulikuwa wazi, kama mtu aliyekuwa anajibu hoja akakatizwa."

Vibeke akakaa bila kukaribishwa.

"Asta alikuwa mtu gani?"

"Mtu mwema!" Gudrun alilitema neno hilo. "Hajawahi kumjibu mtu. Mchungaji alimwaibisha mbele ya kanisa zima, akatabasamu. Mwaka haukuisha, mchungaji akawa kiziwi, akihubiri anasikia sauti ya mtu mwingine. Mama yangu alinambia nikiwa mdogo: wenye hasira za kelele usiwaogope. Ogopa anayeitia siki. Hasira ni kama kabichi, mwanangu, ukiifunika inaiva."

"Nikiuvunja je?"

"Kilichomo kitakosa pa kukaa. Kitatafuta." Akamtazama Vibeke machoni. "Na kwanza huo si wa Asta tena. Mzee aliniambia: ya Asta yaliyokuwemo yalitoka siku mlipoufungua, yakaishia kwake. Kilichomo sasa ni chenu nyie. Uondoe."

Vibeke akasimama. Na hapa ndipo penye aibu ya hadithi hii. Akiwa mlangoni, jicho lake lilitua kwenye kasha. Mitungi ya Asta ilikuwa imelala humo, mitupu, mizuri, na vifuniko vyake.

"Hii mnaipeleka wapi?"

"Jalalani."

"Naomba mmoja."

Gudrun alimsukumia kasha kwa mguu. Vibeke akachagua mmoja.

Jua lilikuwa linazama Vibeke alipoegesha gari kando ya Limfjord. Maji yalikuwa ya kijivu, yametulia. Alikusudia kuutupa. Haki ya Mungu alikusudia. Aliufungua mlango, akaushika mtungi kwa mikono miwili... na hakutoka.

Alitaka kujua. Hilo tu. Mtu gani asingetaka kujua?

Akauondoa mkono juu ya kifuniko. Akakifungua. Akaweka sikio.

Haaaa...

Alitegemea kumsikia Merete. Sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe.

Ilikuwa sauti ya Vibeke, tulivu, ile ya kuwahudumia wateja, na ilikuwa inasema mambo ambayo hakuwahi kuyatamka mbele ya kiumbe. Kwamba Merete anatafuna kama ng'ombe. Kwamba bila Merete duka lingekuwa na heshima. Halafu ikashuka chini zaidi. Ilifika kwenye majira yale ya baridi Merete alipolazwa na homa ya mapafu, na Vibeke akakaa kando ya kitanda, amemshika mkono, wauguzi wakimsifu kwa upendo. *Nenda,* ilisema sauti ile. *Nenda basi. Kwa nini huendi?*

Kila neno lilikuwa kweli.

Vibeke alitaka kuliondoa sikio, na shingo haikumtii. Kwa sababu chini ya sauti yake sasa kulikuwa na sauti ya pili, laini, yenye adabu. Merete. Alikuwa anamjibu. Shtaka kwa shtaka, taratibu, kama mtu anayekunja nguo. Na alipomaliza kujibu akaanza kueleza atakachofanya, na kwa mpangilio gani.

Hayo Vibeke hajamwambia mtu mpaka leo.

Alipofika nyumbani giza lilikuwa limeshatanda. Merete alikuwa kizingitini, mshumaa mkononi. Aliutazama ule mtungi kifuani mwa dada yake, kisha akauona mwingine aliobeba kwapani.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia."

"Na huo mwingine?"

Vibeke akaubana zaidi kwapani. "Wangu."

Merete akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwalimu aliyepewa jibu alilolitegemea. Akasogea pembeni, akampisha.

"Nta iko jikoni," alisema. "Karibu ndani, dada. Kuna baridi."

Ukienda Aalborg leo utawasikia watu wakilisifu lile duka. Samani safi, bei ya haki, na wale ndugu wawili! Hawagombani kamwe. Hupishana mlangoni kwa adabu, huitana "dada" na "mpenzi wangu", hugawana keki kwa kisu kimoja na kila mmoja humwachia mwenzake kipande kikubwa. Wageni hutoka wakisema laiti na sisi tungekuwa na ndugu kama hao.

Ni mteja mmoja tu, fundi wa viti, aliyewahi kusema jambo jingine. Alisema aliwahi kukaa nao kunywa kahawa, na kwa muda wote ule hakumwona hata mmoja wao akimpa mwenzake mgongo. Na nyuso zao, alisema, zimebonyea kwa uchovu, macho mekundu kama ya walinzi.

Hakukosea. Taa za duka zikishazimwa, wale ndugu hupanda juu pamoja, kila mmoja chumbani kwake, milango wazi. Husikilizana pumzi.

Na hakuna anayekubali kusinzia wa kwanza.